Pete ya Feruzi

Kla. Adhana ya alfajiri ilikuwa haijatolewa, na kulikuwa bado giza, nikasikia pete ya kaka yangu ikigonga birika huko uani. Maji yakamiminika kidogo, yakakatika, halafu tena: kla. Nilikaa kitandani nikitafuta kandambili kwa vidole vya miguu huku namsikiliza akitia udhu. Kaka Abdulrahman alikuwa amekonda tangu moyo uanze kumsumbua, na pete sasa ilimpwaya. Ilizunguka kidoleni, ikageuka chini, ndipo ikagonga bati.

Ilikuwa pete ya fedha, nzito, ya kizamani, na haikuwa na jiwe. Pale jiwe lilipotakiwa kukaa palikuwa na nafasi tupu. Watu waliompa mkono kwa mara ya kwanza walidhani jiwe limemdondoka muda ule, wakainama kulitafuta. Naye aliwaacha wainame kidogo, kisha akawaambia, "Inuka mwanangu. Hilo limepotea kabla hujazaliwa."

Pete aliachiwa na baba yetu. Baba alikuwa dereva wa malori ya barabara ya Moshi, na hatukuwahi kumwona ameivaa hata siku moja. Alipokuwa mahututi, sauti imeshamkauka, aliitoa chini ya mto, akaiweka katika kiganja cha kaka, akasema, "Pete ya feruzi. Mrudishe." Baada ya hapo hakutamka tena neno tulilolielewa.

Sisi asili yetu ni Pangani, na feruzi tunaijua. Ni jiwe la buluu lenye ukijani kidogo, na wazee wa pwani walipenda kulivaa. Basi tulielewa kwamba baba anataka sisi wanawe turudishe jiwe mahali pake, na kaka akaipokea pete kama wosia.

Kulipata hilo jiwe ndiyo ikawa kazi. Arusha ni mji wa mawe, lakini mawe yake ni mengine. Kila fundi aliyeendewa na kaka alimwambia, "Mzee, hapa utapata tanzanaiti, utapata garneti nyekundu, utapata hata ya kijani. Feruzi haichimbwi huku." Na miaka ile ya maduka matupu, nani angetuletea feruzi kutoka nje wakati hata sabuni ilipangiwa foleni? Kaka alingoja. Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa, vitu vikaja, mitumba, televisheni, simu za mkononi, lakini feruzi ya baba haikuja na meli yoyote.

Mwaka ule ninaousimulia, madaktari walisema moyo wa kaka lazima ufanyiwe upasuaji Dar es Salaam. Walimpa tarehe. Akarudi nyumbani kwangu Elerai, akakaa kwenye mkeka, akasema hataenda.

"Kwa nini, kaka?"

"Sitalala juu ya meza ya madaktari na wosia wa baba uko kidoleni. Nikifa je? Nitamwambia nini?"

"Utamwambia ulitafuta."

"Twahira, kutafuta si kutimiza."

Nilimjua. Tangu utoto, akisema neno kwa sauti ndogo namna ile, hata umlilie habadiliki. Kwa hiyo jioni ile nilimweleza mjukuu wangu Hafidha, binti wa mwanangu Sefu. Alikuwa anafanya kazi katika intaneti kafe moja mjini, akiwasaidia watalii na wanafunzi kufungua barua pepe zao.

Akasema, "Bibi, mbona hukuniambia siku zote? Kwenye intaneti feruzi zimejaa. Watu wananunua na kuuza mawe kama unavyonunua nyanya."

"Na kulipa tunalipaje?"

"Anko Najim yuko Maskati, ana kadi ya benki. Sisi tuchague tu."

Tuchague tu! Niliposikia hivyo nikadhani ni kazi ya dakika chache.

Siku iliyofuata aliniweka kwenye kiti mbele ya kompyuta, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Mwenye kafe, kijana mmoja Mmeru aliyeitwa Yoeli, aliniletea mto wa kukalia bila kuombwa. Kiti kilikuwa kigumu kweli, sijui alijuaje. Hafidha akaandika, tukangoja. Picha zilishuka polepole kutoka juu, kama mtu anayefungua pazia kwa uoga. Ikatokea feruzi ya kwanza, halafu ya pili, halafu ukurasa mzima ukawa buluu tupu.

"Hii nzuri," nikasema.

"Hiyo ni ya plastiki, Bibi. Imeandikwa hapa chini kwa herufi ndogondogo."

"Basi ile."

"Ile ni jiwe jeupe lililotiwa rangi."

"Astaghfirullahi! Jiwe nalo linadanganya?"

"Jiwe halidanganyi. Anayeuza ndiye anayedanganya."

Tulikaa asubuhi nyingi namna hiyo. Nilijifunza mambo ambayo sikutegemea kujifunza uzeeni. Feruzi ya kweli ni laini, inanyonya mafuta ya mwili, ndiyo maana ya zamani hugeuka rangi. Mistari myeusi iliyomo ndani yake huwa imezama kidogo, siyo kama imechorwa juu. Iliyopakwa rangi, ile rangi hujikusanya kwenye nyufa. Ikiwa buluu yake ni sawasawa kila mahali, haina hata doa, itilie shaka. Haya yote Hafidha aliyasoma kwa Kiingereza, akanigeuzia kwa Kiswahili polepole, wala hakuchoka nilipouliza jambo lilelile mara ya pili.

Lakini shida yetu ilikuwa ile picha. Jiwe moja lilionekana buluu kwenye kompyuta hii, tukihamia ya jirani linakuwa kijani. Nikakumbuka dukani kwa nguo. Hakuna mwanamke anayenunua khanga kwa taa ya dukani. Unaibeba mpaka mlangoni, unaikunjua juani, ndipo unaijua rangi yake. Nikamwambia Hafidha, "Mwambie muuzaji alipeleke mlangoni."

Hafidha akacheka mpaka Yoeli akageuka. "Bibi anataka muuzaji wa Ulaya atoke na jiwe mlangoni!"

"Muulize tu. Akikataa, si amekataa?"

Akawaandikia wauzaji kadhaa. Wengine hawakujibu. Mmoja alijibu kwamba jiwe ni zuri sana na tununue haraka kabla halijaisha, na huyo tukamwacha. Mmoja tu, mama fulani mwenye jina gumu ambaye Hafidha alimpachika jina la Mama Mawe, ndiye aliyelipeleka jiwe lake dirishani. Alilipiga picha asubuhi, akalipiga tena jioni, akaligeuza tukaona mgongo wake, akaweka rula pembeni. Tena akaomba radhi kwamba kwao siku hiyo kulikuwa na mawingu. Sikuwahi kumwona mama yule, wala sitamwona, lakini nilimwombea dua jioni ile.

Jiwe lilikuwa zuri. Lilikuwa na doa la kahawia upande mmoja, na mimi nililipendea hilo doa. Kaka tulipomweleza, aliisugua pete kwa ncha ya kanzu. "Mwambieni Najim alipe," akasema. Na usiku ule alikula wali wote aliopakuliwa.

Kabla ya kulipa, Mama Mawe aliuliza vipimo vya pete. Hafidha akamwomba babu yake aivue. Ilimchukua kaka muda kuiachia. Hafidha akaipeleka kafe, akailaza juu ya mashine ya kunakili picha, akamtumia yule mama picha ya juu na ya chini.

Jibu lilipokuja, Hafidha hakusubiri saa za kazi ziishe. Nilimwona anaingia uani adhuhuri, mkoba begani, uso umemshuka. Kaka alikuwa amekaa kivulini. Mimi nilikuwa napokea maziwa kutoka kwa Naeku, Mwarusha mmoja Mlutheri, rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye alikuja kila siku kutoka upande wa machungani magharibi ya mlima. Naeku alikuwa na mazoea ya kunimiminia kikombe kizima, halafu anaongeza kingine kidogo na kusema kimemponyoka.

"Hataki kutuuzia," Hafidha akasema.

"Nani?" kaka akauliza.

"Mama Mawe. Anasema hawezi kuchukua fedha zetu. Anasema pete hii haikutengenezewa feruzi."

Hafidha akakaa chini karibu na miguu ya babu yake, akaeleza taratibu. Feruzi haipitishi mwanga, kwa hiyo mafundi huifunga mgongo wake kwa fedha. Pete yetu ilikuwa na tundu upande wa chini, na tundu hilo fundi huliacha kwa ajili ya jiwe linalong'aa, ili mwanga upenye. Tena umbo la ile nafasi si duara wala si yai. Limekaa upande, kama fundi aliletewa kipande chenye umbo lake chenyewe, akalazimika kukifuata.

"Akasema tusione vibaya, yeye anaweza kuchonga jiwe lake likaingia kwa nguvu, lakini halitakuwa kitu ambacho mzee alikuwa nacho. Halafu ameuliza swali moja. Nani aliyewaambia kwamba hii pete ni ya feruzi?"

Kaka akainua uso. "Nani? Baba! Mwambie huyo mama ni baba mwenyewe. Nilikuwa hapo. Alisema, pete ya feruzi, mrudishe."

Naeku alikuwa ameshika galoni lake, anasikiliza. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, lakini alikikuta ukubwani, baada ya Kimaasai, na hakukaa na wazee wa pwani hata siku moja. Akamtazama kaka, akauliza kwa upole kabisa:

"Mzee, na huyo Feruzi mwenyewe bado yuko hai?"

Mimi nikaanza kucheka. "Naeku jamani, feruzi siyo mtu. Ni jiwe."

"Jiwe?" Naeku akashangaa. "Mimi siku zote mkisema pete ya Feruzi najua ni mtu. Nikasema moyoni, hawa watu wana imani, wanatunza pete ya mwenzao miaka yote hii! Mbona nimeshawasifia hata kanisani."

Hafidha naye akacheka. Halafu nikamwangalia kaka, kicheko kikanikauka. Alikuwa ameweka mkono kifuani, nikadhani ni moyo. Nikamkimbilia.

"Niache, Twahira. Sijambo." Alikuwa anatazama ukuta kama kuna mtu amesimama pale. "Spana," akasema.

"Spana nani?"

"Taniboi wa baba. Yule aliyekuwa anatubeba mabegani. Humkumbuki? Ulimtapikia maembe."

Nilimkumbuka. Kijana mrefu mwenye mikono ya grisi, aliyepanda na kushuka nyuma ya lori la baba huku anaimba. Sisi watoto tulimwita Mjomba Spana kwa sababu hakuachana na spana yake.

Kaka akasema, "Spana ni jina la barabarani. Baba akiwa amekasirika alimwita kwa jina lake. Feruzi! Wewe Feruzi, umefunga turubai? Ya Allah. Feruzi." Akafumba macho. "Na pengine baba hakusema mrudishe. Pengine alisema mrudishie. Pumzi haikufika mwisho."

Herufi moja tu. Mrudishieni mwenyewe pete yake. Na sisi tulikuwa tumezunguka dunia nzima tukitafuta jiwe la buluu.

Sikujua kama nilie au nicheke. Naeku alianza kuomba msamaha, hajui amefanya nini, mpaka kaka akamshika mikono yote miwili pamoja na galoni. "Mama, unaniomba msamaha wa nini? Umenisaidia wewe."

"Basi tukamtafute," Naeku akasema, kama vile tunakwenda dukani. "Alikuwa mtu wa wapi?"

Kaka alikumbuka kwamba Spana alikuwa akishukia Maji ya Chai mwisho wa juma, kwa sababu alikuwa anaposa huko. Baadaye aliacha kazi ya lori akaenda Tabora, na nyumbani kwetu hakuonekana tena. Naeku alikuwa na shemeji anayeuza ndizi Maji ya Chai. Jumapili, alipotoka ibadani, hakupita kwake kubadili nguo. Alikuja moja kwa moja akiwa na gauni lake la kanisani, akasema, "Twendeni kabla Mzee hajachoka." Hafidha naye tukamchukua.

Shemeji wa Naeku alituonyesha msikiti, na msikitini wakatuonyesha nyumba. Feruzi alirudi kutoka Tabora uzeeni, wakasema, akafariki miaka michache nyuma. Nilimwona kaka akisimama njiani, mkono ukiushikilia mwingine. Nikaogopa. Lakini walisema ameacha binti, anaitwa Tunu, nyumba ile yenye migomba na jiko la nje.

Tunu alikuwa mwanamke wa makamo, anakaanga mihogo, mikono imejaa unga. Alipotuona wazee tumesimama mlangoni, alipangusa mikono, akaja kutupokea.

"Shikamooni. Karibuni. Mbona mmesimama? Mihogo mnaweza kununua mkiwa mmekaa."

"Marahaba. Hatukuja kununua, mwanangu," kaka akasema. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, yote yakampotea. Akaivua pete, akamnyooshea. "Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Hii ni ya baba yako."

Tunu aliitazama bila kuichukua. Halafu akaketi juu ya kigoda chake kama mtu aliyesukumwa.

"Ile pete ya kioo?" akasema.

"Kioo?"

"Si ya kioo chekundu? Baba alinihadithia hii pete mpaka nikaichoka. Alitaka kumwoa mama, hana kitu. Fundi akamtengenezea pete kwa shilingi za fedha za zamani, lakini jiwe hana. Basi taa ya nyuma ya lori ikapasuka, akaokota kipande, akampelekea fundi: niwekee hiki. Akaja nayo huku, akamwambia mama mkwe ni yakuti!"

Hafidha alijifunika mdomo. Naeku akauliza, "Na wakaamini?"

"Waliamini mpaka kioo kikadondoka ndani ya sufuria ya pilau. Bibi yangu akakitafuna." Tunu alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Dereva wake ndiye aliyemwokoa. Alikuja hapa na kofia mkononi, akawaambia wazee, taa iliyovunjika ni yangu, kijana ni wangu, mwozesheni, jiwe la kweli nitalitia mimi. Akaondoka na pete akatafute jiwe. Halafu baba akaacha lori, akahamia Tabora, wakapoteana."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Baba alikuwa amemdhamini mtu, akalitafuta jiwe, na alipoona hatalipata akataka angalau pete imfikie mwenyewe. Nilimfikiria dereva yule mkali, kofia mkononi, mbele ya wakwe wa taniboi wake. Hakutusimulia kabisa.

Kaka alikuwa bado ameunyoosha mkono wenye pete. "Jiwe hatukulipata, mwanangu. Nimetafuta. Naileta hivi ilivyo, tupu. Mzee wako aliwahi kulalamika?"

"Kulalamika? Mtu akimwuliza, alisema iko kwa dereva wangu, na kilichoko kwa dereva wangu hakijapotea." Akaipokea pete kwa mikono miwili, akaivaa kwenye dole gumba, maana kwingine ilimpwaya. Akatazama kupitia lile tundu. "Mimi nimekua naisikia tu. Nilidhani baba alinitungia."

"Tunaweza kukutafutia jiwe, mama. Kuna mtu tunayemfahamu kwenye intaneti, mwaminifu," Hafidha akasema.

"Ana vioo vya taa za lori?"

Tukacheka wote, na kaka alicheka kuliko sisi, mkono uko kifuani lakini safari hii si kwa maumivu. Tunu akatupakulia mihogo na pilipili, akakataa katakata malipo yetu. Naeku akamwahidi maziwa. Tulikula polepole. Nilimwangalia kaka yangu akila kwa mkono wake wa kulia, kidole kina alama nyeupe pale pete ilipokuwa, na hakuificha.

Hafidha, ambaye hawezi kukaa na siri, akamweleza Tunu habari ya Dar es Salaam, kwamba babu alikuwa amekataa kwenda.

Tunu akamgeukia. "Umekataa?"

"Nilikuwa nimekataa. Sasa sina sababu," kaka akasema. "Nitakwenda Alhamisi."

Tunu alitusindikiza mpaka barabarani, unga bado uko kwenye viwiko vyake. Kaka alipompa mkono wa kuaga, hakuuachia.

"Umenijia ukiwa na pete, baba, nikakulisha mihogo mitupu. Haikai vizuri. Ukitoka kwa madaktari uje tena. Nitapika pilau, na utanieleza baba yangu alikuwaje akiwa kijana, maana mimi nilimkuta mzee. Utakuja?"

"Inshallah."

"Siyo inshallah ya kuniondokea. Uje."